Mji Nisiopaswa Kuuomba

Majirani zangu hapa Manyatta, Kisumu, wanajua kwamba saa nane mchana mimi sipatikani. Aliyekatiwa maji, aliyeumwa na mbwa wa jirani, anayetafuta wa kumwandikia barua kwa chifu, wote husubiri mpaka saa tisa. Saa nane simu yangu huanza kulia mfululizo, nami huketi mlangoni na miwani puani na daftari pajani. Hiyo ndiyo saa ya vina.

Tuko watano. Tulisoma pamoja sekondari, na mdogo wetu sasa ana miaka sitini na tisa. Nesi mstaafu ndiye aliyetukusanya, akatuunganisha kwenye kikundi kimoja cha simu, maana alisema amechoka kukutana nasi kwenye mazishi tu. Yuko mwalimu mstaafu, ambaye ni mwamuzi wetu kwa sababu hajui kuwa kitu kingine. Yuko muuza mbao wa Obunga. Niko mimi, niliyekuwa karani wa ghala maisha yangu yote ya kazi. Na yuko fundi wa baiskeli, ana kibanda chake Otonglo kando ya barabara ya Busia. Huyo tuliketi dawati moja miaka minne, yeye upande wa dirisha.

Mchezo wenyewe ni mwepesi kueleza. Mwenye zamu anaeleza kitu kwa njia ya kuzunguka, na jibu lazima liwe maneno mawili, "ya" haihesabiwi, yanayoishia kwa kina kimoja. Siku ya kwanza nesi aliandika: "Anatibu watu, lakini ukimwona kimbia." Jibu lilikuwa daktari hatari. Muuza mbao naye akaleta hiki: "Ana meno mengi, amezaliwa ziwani, leo ameingia mjini mara ya kwanza na anashangaa magari." Tulihangaika mpaka saa kumi. Mamba mshamba. Siku moja nilijibu mvuvi mvivu, mwalimu akanikatalia mbele ya wote.

"Hao wanafanana sura tu, bwana," aliandika. "Si ndugu. Kina ni mwisho wa neno, si katikati."

Fundi wa baiskeli alikuwa mkali kuliko sisi sote. Aliandika polepole, kwa kidole kimoja chenye grisi, herufi nyingine zikiruka, lakini alikuwa na kichwa cha vina. "Ndege asiyeruka, tabia zake za vichochoroni." Mbuni mhuni. Hicho ni chake, na mpaka leo nakionea wivu.

Mwalimu ndiye aliyesisitiza tufuate desturi ya vitendawili kama tulivyofundishwa utotoni. Ukishindwa, unatoa mji. Mwenye kitendawili ana haki ya kuukataa mji na kuomba mwingine. Akiridhika, anasimulia alivyopokewa huko: amefika, ametandikiwa mkeka, amechinjiwa kuku, ameoa binti wa mkuu wa mji. Ndipo anatoa jibu. Kwa njia hiyo nimewahi kutawala Ahero, Bondo na Homa Bay, na Maseno nilikaa kwenye kiti nikapepewa na wazee wawili. Masimulizi hayo ndiyo yaliyokuwa utamu wenyewe. Nami, ingawa sikuwa hodari wa vina, nilikuwa hodari wa kusimulia. Watu walicheka. Nilizoea watu wacheke.

Wiki moja fundi alikuwa amenishinda kila siku, Jumatatu mpaka Alhamisi. Ijumaa ilikuwa zamu yangu. Asubuhi nzima nilipekua kamusi, nikapata neno la pwani ambalo nilijua hakuna Mjaluo wa Kisumu atakayelikumbuka. Saa nane kamili nikaandika: "Makao yanayonuka samaki mbichi."

Muuza mbao alijibu nyumba ya omena, mwalimu akamrudisha nyuma. Nesi akajaribu mara mbili. Mwalimu mwenyewe alikaa kimya, jambo la nadra. Mmoja mmoja wakasalimu amri na kutoa miji yao. Fundi alikuwa wa mwisho.

"Umenishika leo karani," aliandika. "Chukua Otonglo."

Ningechukua Otonglo. Kuna soko pale, ningesimulia akina mama wa soko wakinivisha kanga. Lakini alikuwa amenishinda siku nne, na nilitaka ushindi uonekane. Nikaandika: "Otonglo umepanga chumba tu, huwezi kunipa mji wa mwenye nyumba. Nipe kwenu."

Alichelewa kujibu. Niliona maandishi kwamba anaandika, yakapotea, yakarudi.

"Haya. Chukua."

Nami nikaanza kusimulia. Naandika maneno yale hapa kama yalivyokuwa, kwa sababu nimekwisha kuyapunguza makali mara nyingi nikiwasimulia watu, na sitaki kuyapunguza tena. Niliandika: "Nimefika kwenu Nyakach. Sikukuta mtu. Nimepokewa na kambare. Mkubwa wao ameketi sebuleni kwenye kiti chako, ameniuliza mwenye nyumba alihamia wapi. Jibu ni nyumba ya vumba."

Nyuso tatu za kucheka zikatokea. Kisha mstari mdogo wa kijivu ukasema fundi ameondoka kwenye kikundi. Nilidhani ni mtandao.

Wasioujua ufuo wetu wa ziwa niwaeleze. Miaka michache iliyopita ziwa lilipanda na halikurudi. Maji yaliingia mashambani, yakaingia nyuani, yakaingia majumbani, yakakaa. Boma la fundi lilikuwa upande wa chini wa Nyakach, na lilikwenda lote: nyumba, ghala la mtama, zizi. Yeye akaja kupanga chumba Otonglo na kutengeneza baiskeli. Lakini boma la mtu kwetu si nyumba na zizi tu. Mkewe alikuwa amezikwa pale, kushoto kwa mlango, kama desturi inavyotaka. Maji yalimfunika na yeye.

Nami nilikuwepo siku ya mazishi yake. Nilishika sepetu. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua, wala siwezi kusema nilisahau. Nilijua kila kitu, na nilipoandika sikukiangalia nilichokijua. Niliangalia nyuso za kucheka.

Nesi alinipigia kabla saa tisa haijafika.

"Omera, ndugu yangu, umefanya nini?"

"Ni mchezo," nilisema. "Si wewe mwenyewe umecheka?"

"Nimecheka, ndiyo, na nimeona haya. Nilicheka kabla sijamaliza kusoma. Wewe uliandika ukamaliza, ukasoma, ukatuma."

"Atarudi. Anajua utani."

"Mama watoto wake yuko chini ya hayo maji, jaduong', mzee mzima wewe. Kambare wako ameketi juu yake."

Akakata simu. Nilikaa mlangoni na daftari pajani. Jirani akaja na barua yake ya chifu, nikaiandika vibaya, ikabidi niirudie.

Niseme pia kwa nini niliogopa, kwa maana niliogopa kweli. Ulimi huu si mara yake ya kwanza. Ndugu yangu mdogo alifariki tukiwa hatusemezani, kwa ajili ya mzaha mmoja nilioutoa kwenye harusi yake, nikiwa nimesimama na kipaza sauti, watu wakicheka. Miaka kumi na tisa nilisubiri aje kwangu, kwa kuwa mimi ni mkubwa. Hakuja, nami sikwenda. Sasa nina umri wa kuhesabu waliobaki wanaoniita kwa jina nililokuwa nalo darasani, na fundi ni mmoja wao. Nikimpoteza huyu kwa njia ileile, nitakuwa sijajifunza chochote duniani.

Kwa hiyo nikafanya haraka, na kwa haraka nikaongeza kosa la pili. Mimi na nesi ndio tuliokuwa na uwezo wa kuingiza watu kikundini. Jumamosi nikamrudisha fundi bila kumuuliza, na papo hapo nikabandika msamaha niliokuwa nimeuandaa, aya tatu, wenye "kwa unyenyekevu mkubwa" na "iwapo maneno yangu yalikukwaza." Nilifikiri kosa lililofanywa mbele ya watu huombewa radhi mbele ya watu. Aliondoka tena kabla hata muuza mbao hajaweka alama ya kusifu.

Safari hii nesi hakupiga. Aliniandikia peke yangu: "Umemwita mtu barazani bila kumuuliza, halafu ukampigia magoti watu wakitazama. Ulitaka akujibu nini? Na hiyo 'iwapo' ni ya nini? Yalimkwaza au hayakumkwaza?"

Kikundi kikanyamaza. Saa nane ilifika na kupita siku hiyo, na siku iliyofuata, na wiki nzima. Jirani zangu walianza kuja saa nane na mambo yao, nami nilikuwepo.

Jumatano ya wiki ya pili nikaenda Otonglo. Nilivaa viatu vya kanisani, sijui kwa nini. Nadhani nilitaka aone kwamba nimejiandaa. Nilimkuta chini ya bati lake, baiskeli imegeuzwa miguu juu, anakaza spoku. Aliniona toka mbali na hakuacha kazi.

"Karibu, karani. Kiti hakuna. Kalia hiyo ndoo."

Nikakalia ndoo.

"Nimekuja kukuomba msamaha," nikasema.

"Nilisoma ule waraka. Ulisahihishwa na nani?"

"Niliandika mwenyewe."

"Ilionekana." Akazungusha gurudumu, likayumba, akalisimamisha. "Shika hapa. Kwa nguvu. Hapana, hapa."

Nikashika. Akakaza spoku tatu. Mama aliyekuwa akiuza ndizi kando yetu aligeuza kiti chake kidogo ili asikie vizuri.

"Unajua nilichokasirikia?" fundi akauliza.

"Kambare."

"Kambare?" Alicheka puani. "Kambare nimewavua mimi kwa mkono kwenye shamba langu la mtama, nikawala. Nilipokuwa nahama, mtu wa kwanza kuwafanyia mzaha alikuwa mimi. Nilimwambia kijana wangu, sasa tumekuwa wafugaji. Hapana, si kambare."

"Ni nini basi?" nikauliza.

"Nilikuambia chukua Otonglo. Ukasema hapana, nipe kwenu. Nikakaa na simu hapa, hapa hapa, mteja amesimama anangoja tairi. Nikasema moyoni, huyu anajua. Huyu alishika sepetu. Basi nikiandika haya, chukua, ataona. Ataniambia, aa, acha, nipe mji mwingine. Nilikupa nafasi, omera. Ukaingia na viatu."

Nilikuwa bado nimeshika gurudumu. Sikuwa na aya tatu. Nikasema, "Niliona umechelewa kujibu. Niliona, na bado nikaendelea. Nilitaka wacheke."

"Ndiyo," akasema. "Hilo sasa ni neno."

Mama wa ndizi akasema, "Mpe chai basi, Baba, mzee wa watu ametoka mbali."

"Hajafika kwenye chai," fundi akamjibu, lakini alinisogezea kikombe chake nusu.

Tulipokwisha kuifunga tairi, ndipo aliponiambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu kikundini. Maji yalikuwa yanarudi nyuma. Si mengi, lakini boma lake lilikuwa limeanza kuonekana. Alikuwa amekwenda mara mbili peke yake, tope mpaka magotini, akitafuta kaburi la mkewe. Hakulipata. Nyumba ya udongo ilikuwa imeanguka na kuyeyuka, uzio wa mtupa umekufa, na mahali pote palikuwa sawa, kijivu, pamejaa magugu-maji makavu. Vijana wake wa Nairobi walimwambia asubiri mpaka pakauke kabisa. Aliogopa kusubiri. Mvua zikija, ziwa likipanda tena, je?

"Natembea pale kama mgeni," alisema. "Najua ilikuwa kushoto kwa mlango. Lakini mlango uko wapi?"

Nilijaribu kukumbuka siku ile. Mahema, watu wengi, jua. Nilikuwa nimechoka, nikajiegemeza mahali nikiwa na sepetu mkononi. Nilijiegemeza wapi?

"Kulikuwa na tangi la maji," nilisema. "Juu ya jukwaa la mawe. Niliegemea hapo baada ya kufukia, na ulikuja ukaniambia nitoke, simenti ya jukwaa bado mbichi. Nilichafua koti."

Akasimama na pampu mkononi.

"Tangi nililiuza," alisema taratibu. "Mawe sikuyaondoa."

"Toka kwenye jukwaa mpaka kaburini ni hatua mbili, tatu. Niliweza kukanyaga udongo uliobaki bila kuondoa mgongo kwenye mawe."

"Una hakika?"

"Kwa hilo nina hakika."

Tulikwenda Jumamosi, asubuhi, wawili tu. Tuliacha barabara tukatembea kwenye ardhi iliyopasuka kama vigae, makombe ya konokono yakivunjika chini ya miguu, kisha ardhi ikalainika na viatu vyangu vya kanisani vikaanza kufyonzwa. Yeye alikuwa na jembe na kipande kirefu cha nondo. Mbele yetu mafunjo yalikuwa yamelala upande mmoja, na ziwa lenyewe lilikuwa mbali kidogo, limetulia, kana kwamba halikuhusika.

Jukwaa lilikuwa limezama karibu lote. Mimi ndiye niliyejikwaa juu yake, nikaanguka kwa mikono. Fundi hakunisaidia kuinuka; alikuwa tayari amepiga magoti akikwangua tope kwa viganja. Jiwe, na jiwe la pili, na simenti kati yake. Akanitazama.

"Egemea," akaniambia. "Kama siku ile."

Nikaketi topeni, nikaegemea mawe, nikanyoosha mguu. Akadunga nondo mbele ya kisigino changu. Ikazama. Akasogea, akadunga. Ikazama. Mara ya nne, ama ya tano, ikagonga, na sauti yake tuliisikia sote wawili.

Tulichimba kwa jembe, halafu kwa mikono. Ulipotokea ukingo wa saruji, umenyooka, yeye aliufuata kwa vidole mpaka akafika kwenye kona. Msalaba haukuwepo tena. Kona ilikuwepo. Aliweka kiganja chake juu yake akaanza kusema kwa Kijaluo, polepole, kama mtu anayemweleza mwenzake alikokuwa kwa muda wote huo. Nikaenda kando, nikasimama nikitazama mafunjo. Baada ya muda akaniita.

"Njoo, karani. Umesimama kama polisi."

Tukaketi kila mmoja upande wake wa ile kona, matope yakitukauka mikononi. Alikuwa amebeba mahindi ya kuchemsha kwenye mfuko, akanigawia.

"Lile neno," akasema. "Vumba. Ulilitoa wapi?"

"Kwenye kamusi."

"Ni wizi huo. Hapa tunasema harufu ya samaki, basi. Mwalimu alipaswa kulikataa."

"Alipaswa."

Akala mahindi. "Mwambie nesi aniingize," alisema. "Nesi, si wewe. Na aniulize kwanza."

"Nitamwambia. Leo?"

"Jumatatu. Kesho nina kanisa, na nikitoka nitalala."

Jumatatu saa nane simu ikaanza kulia. Nesi alikuwa amemuuliza, akamwingiza. Hakuna aliyesema karibu tena, wala pole, wala kuweka maua ya picha. Nadhani nesi alikuwa ametuonya kila mmoja kwa zamu yake. Fundi hakusalimu. Aliandika tu, herufi zikiruka: "Uso wa mwimbaji wa matopeni."

Nilijaribu mara tatu, mwalimu akanirudisha mara tatu. Niliandika mzaha kuhusu mwimbaji mmoja wa kwaya yetu ya zamani, nikausoma, nikaufuta. Si kwa kuwa ulikuwa mbaya sana. Nilitaka tu kuona kama ninaweza kujizuia. Muuza mbao akapata jibu saa nane na nusu: sura ya chura. Nesi akasema hiyo ni picha ya karani alivyorudi kutoka Nyakach, kama alivyosimuliwa na aliyeshuhudia. Nilicheka, na mara hii nilicheka nikiwa mwenye kuchekwa, jambo ambalo nilikuwa sijalizoea.

Jioni fundi alinipigia. Alisema kijana wake wa kwanza amekubali kuja kutoka Nairobi, na Jumamosi wanapeleka mawe ya kujengea ukingo kuzunguka kaburi, lisipotee tena hata ziwa likirudi. Ingawa yeye mwenyewe sasa alipajua, alisema anahitaji mtu wa kuonyesha mahali jukwaa lilipo, maana mwanawe hajawahi kupaona tangu maji yaingie.

"Nitakuja," nilisema.

"Vaa gambuti," akasema. "Hizo viatu zako za kanisa zilinitia aibu mbele ya mama watoto."